Kidonge cha Mzee Parsaoti

Sehemu ya Saba

Kipimo kilikuwa kimya.

Wewe uliyekaa wiki nzima ukijiuliza kama Roselida Nalianya alisikia vibaya, nakwambia hakusikia vibaya. Alikuwa bado amepiga magoti kando ya kitanda cha Mzee Parsaoti, mdomo wa kipimo cha mionzi umekaribia kugusa shingo ya mzee. Mahali pale palipaswa kupiga kelele za kuumiza masikio. Palinyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu.

Na wewe uliyelifungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, chukua haya machache tuende pamoja. Roselida si daktari, ingawa hospitali nzima humwita hivyo. Ni mwanafizikia. Kazi yake ni kupima dawa zile zenye mionzi kabla hazijamfikia mgonjwa, na kumpima mgonjwa zikishamfikia. Saa tatu ya Jumanne hiyo, mwaka 2002, Mzee Parsaoti alimeza kidonge cha iodini yenye mionzi, tiba ya saratani ya tezi ya shingoni. Kidonge kimoja tu, kilichokuja kwa ndege kutoka ng'ambo ndani ya mkebe mzito wa madini ya risasi. Mtu akishakimeza, yeye mwenyewe huwa kama jiko lililowashwa. Mionzi humtoka shingoni, tumboni, kwenye mate na jasho. Ndiyo maana hufungiwa chumba cha peke yake siku tatu, nne.

Sasa ilikuwa saa tano, na jiko lilikuwa baridi.

"Mama daktari," mzee akauliza, "mbona hiyo kitu yako imelala?"

Roselida alitoa mfukoni kidude chake cha majaribio, chenye mionzi kidogo, akakisogeza kwenye kipimo. Tik-tik-tik-tik! Kipimo kilikuwa kizima. Akakirudisha shingoni mwa mzee. Kimya. Tumboni. Kimya.

"Ama nimepona?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nimekunywa nini?"

Kuna maneno mengi ya kumtuliza mgonjwa, na Roselida aliyajua yote. Akayaacha.

"Sijui. Lakini haikuwa dawa yako."

Mzee Parsaoti alikuwa ametoka kwao Ewuaso Kedong akiwa amefunga blanketi lake jekundu vizuri, kama mtu anayekwenda harusini.

"Nimengoja hiyo dawa tangu mvua ya mwaka jana," akasema. "Enda uitafute. Mimi niko hapa."

*

Roselida alitoka mbio hadi stoo ya dawa kali.

Saa mbili asubuhi yeye mwenyewe alikuwa amekipima kile kidonge, na namba zikawa sawa. Baada ya hapo mkebe ulishikwa na mtu mmoja pekee. Kisilu. Mhudumu wa idara, mtu wa miaka thelathini na mbili, mpole, aliyesukuma kitoroli cha dawa miaka sita bila kudondosha hata kijiko.

Rafuni mikebe ya akiba huwa minne. Akaihesabu. Mitatu. Basi wa nne ndio uliompelekea mzee kidonge cha uongo, na ule wenye jina lake umeondoka na dawa.

"Kisilu ako wapi?" akamuuliza muuguzi wa zamu.

"Si aliomba ruhusa, Madam? Saa tatu na nusu. Alisema jino linamsumbua."

Jino! Mtu mmoja alikuwa anatembea huko nje, kati ya watu, na mkebe begani ambao ukifunguliwa tu hauna tena cha kumkinga yeyote.

Alimkuta Dkt. Maweu, mkuu wa idara, akila chungwa ofisini kwake. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Maweu akalimenya chungwa hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na mgonjwa."

"Umemwambia mgonjwa?" Chungwa likabaki hewani. "Roselida, wewe ni mtoto? Rudi ukaandike kwa faili yake kwamba amepata dozi kamili. Kidonge kingine kikija mwezi ujao, tutasema ni cha kuongezea."

"Na hiki kilichopotea?"

"Hakuna kilichopotea. Kisilu akirudi nitaongea na yeye. Wakaguzi wa serikali wanakuja wiki ijayo. Unataka watufungie idara?"

"Daktari, hicho kidonge kikimezwa na mtu asiyestahili kitamharibu. Kikiwa ni mtoto..."

"Andika amepata dozi."

"Siandiki."

Maweu akaweka maganda ya chungwa kwenye sahani, moja juu ya lingine. Sauti yake ikawa tamu, na hapo ndipo ilipotisha.

"Funguo za stoo ni mbili. Moja ni yako. Leo asubuhi aliyekishika kidonge wa mwisho kwenye rekodi ni wewe. Fikiria vizuri vile polisi watasoma hiyo karatasi."

Roselida alifungua mdomo kujibu. Wakati huohuo simu ya mezani ikalia chumbani kwake, ng'ambo ya ukumbi. Aliiacha sentensi yake pale mlangoni, akakimbia.

"Madam?" Sauti ilikuwa ya chini, yenye heshima, kama kila asubuhi. "Ni mimi Kisilu."

"Kisilu! Kidonge kiko wapi?"

"Kiko salama, Madam, usiwe na wasiwasi. Nimeacha nyumbani ndani ya mkebe. Niko kwa buthi ya simu ya posta hapa Kajiado, na sina shilingi nyingi. Nilitaka kuuliza tu kitu moja. Mtu akishakunywa chai na mkate asubuhi, akae na njaa masaa ngapi ndio ameze?"

Roselida alishika ukingo wa meza.

"Nani ameze?"

"Dada yangu. Syombua. Unamjua, Madam, ako kwa ile list yako. Alipasuliwa shingo mwaka jana, ugonjwa ni ule mmoja na wa huyo mzee. Akaambiwa atapewa kidonge. Mara tatu jina lake limefika juu, mara tatu limerukwa. Na ni mimi nasukuma hizo vidonge nikipelekea watu wengine. Nasukuma nikinyamaza. Unafikiri roho yangu ni ya chuma?"

Orodha ilikuwa pale ukutani, mbele ya macho yake. Syombua Kimeu. Kando ya jina, kwa kalamu nyekundu, neno moja: asubiri. Chini yake tena: asubiri. Chini yake tena.

Mwandiko ulikuwa wake Roselida.

Na sababu aliijua. Mara ya kwanza na ya pili fomu ilisema mgonjwa ni mjamzito. Mara ya tatu ilisema amejifungua na ananyonyesha. Iodini ile hupita kwenye damu ikamfikia mtoto tumboni, hupita kwenye maziwa ikamfikia mtoto kifuani, na ikishafika huiua tezi yake changa hata asikue tena kama watoto wengine. Kumfanya Syombua asubiri kulikuwa sahihi kabisa. Ila hakuna aliyemwambia kwa nini. Roselida alidhani madaktari wangesema. Madaktari bila shaka walidhani atasema yeye. Likabaki neno moja jekundu, na ndugu wa mgonjwa akalipita kila siku na kitoroli chake.

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya Kisilu, mtoto mchanga akaanza kulia.

"Kisilu. Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni wa Syombua! Ako na miezi mitatu. Tuko na yeye hapa, anataka kunyonya."

"Nisikilize vizuri. Asimeze. Unanisikia? Syombua asime..."

Tiiiiii.

Shilingi zilikuwa zimeisha.

*

Nissan Sunny ya Roselida ilikuwa gari la miaka kumi na nne lenye mlango mmoja usiofunguka. Siku hiyo ililia kama mnyama. Alipita Athi River akiyakwepa malori ya saruji, kipimo kikiwa kwenye kiti cha pembeni, akipiga hesabu kichwani. Hesabu ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba. Kidonge kikimezwa saa sita, ifikapo saa saba, nusu yake itakuwa imeshaingia kwenye damu. Mtoto akinyonya saa saba na robo... Akaacha kuhesabu.

Kitengela ndiko alikopanga nyumba. Aliona paa lake kwa mbali, na tangi la maji, na nguo ambazo binti yake Shirleen alikuwa amezianika kabla ya kwenda shule. Hakupunguza mwendo.

Kizuizi cha polisi kilimpunguzia.

Askari wawili, misumari barabarani. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, alitazama namba ya gari, akatazama karatasi, akatazama gari tena.

"Roselida Nalianya?"

"Ndimi."

"Shuka, Mama. Polepole. Mikono nione."

Maweu hakuwa amepoteza hata dakika.

"Tumepigiwa simu kutoka Nairobi," askari akasema. Kibandiko kifuani kilisema Katoo. "Wewe umetoroka na dawa ya sumu ya hospitali. Iko wapi?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungelia? Ungebishana? Roselida aliingiza mkono garini, na askari wa pili akainua bunduki. Akautoa mkono taratibu, umeshika kipimo.

"Washa wewe mwenyewe, afande. Hapo, swichi ya kando. Hiyo dawa ikiwa karibu, itapiga kelele hata kama nimeificha ndani ya gurudumu. Pima gari. Nipime na mimi."

Katoo akamtazama kwa shaka. Akawasha. Akazunguka gari lote, buti, chini ya viti. Tik... tik... mlio wa uvivu, ule wa hewa tupu. Akampitishia Roselida kuanzia kichwani hadi miguuni. Tik... tik.

"Haiko," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Iko Kajiado. Kuna mama yuko karibu kuimeza kama bado hajaimeza, na huyo mama ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Nishike, sawa. Nipeleke korokoroni. Lakini nipitishe Kajiado kwanza."

Askari wa pili akacheka. Katoo hakucheka. Alijaribu ule mlango usiofunguka, ukakataa, akazunguka akapanda kwa nyuma, bunduki katikati ya magoti.

"Endesha. Ukinidanganya, Mama, pingu ziko hapa."

Tambarare za Isinya zikawapita pande zote mbili, kavu, zenye upepo.

"Hiyo dawa inaua?" Katoo akauliza mwishowe.

"Inaponya. Kwa mwenyewe, inaponya."

"Na kwa mwingine?"

"Inategemea huyo mwingine ni nani."

"Inafanana aje? Ukiiona unaijua?"

"Mionzi haionekani, afande. Haina harufu, haina joto. Ingekuwa kwa mkono wako saa hii, usingejua."

Kwenye kioo Roselida alimwona akiipangusa mikono yake kwenye suruali.

*

Ilikuwa saa saba na nusu walipoingia Kajiado. Fomu ya Syombua ilisema anakaa nyuma ya stesheni ya reli, na huko kulikuwa na safu ya vyumba vya mabati. Katoo aliuliza mara moja tu kwa Kimaa kwa mama wa duka, na kidole kikawaonyesha mlango wa nne.

Kisilu alikuwa ameketi kizingitini. Alipomwona Roselida akasimama. Alipoiona bunduki akakaa tena.

"Madam, nisamehe. Mimi..."

"Dada yako ako wapi?"

Syombua akatoka ndani akijifuta mikono. Mwanamke mwembamba, macho mekundu ya kulia, kovu limezunguka shingo yake kama mkufu. Roselida hakusalimu. Alinyosha kipimo hadi kwenye lile kovu.

Tik... tik.

Akakishusha tumboni. Tik... tik.

"Hujameza!"

"Nimekataa," Syombua akasema. "Nilisoma ile karatasi imebandikwa kwa mkebe. Iko na jina la mzee wa watu. Nikamuuliza Kisilu, huyu Parsaoti yeye atameza nini? Nikamwambia rudisha. Tumegombana hapa nje mpaka majirani wakasikia."

Roselida akashika ukuta wa mabati, ukamchoma kwa jua, na hata huo mchomo ulikuwa mtamu. Angetaka kumwambia Syombua palepale: ni mimi niliyeandika asubiri, na sababu ni hii, na nilipaswa kukwambia. Atamwambia. Kwanza kidonge.

"Kileteni niende nacho."

Kisilu akaingia ndani, akatoka na mkebe ameushika kwa mikono miwili. Alitembea kwa shida kidogo, kwa uzito wake. Roselida akaelekeza kipimo kabla hajaupokea. Kipimo kikapiga, ndiyo. Lakini kilipiga kidogo mno. Madini ya risasi huzuia mionzi mingi, haizuii yote. Kwa kidonge kile alitarajia zaidi.

"Fungua."

Kisilu akafungua. Wote wanne wakachungulia.

Mkebe ulikuwa mtupu.

"Hapana!" Kisilu akageuka rangi. "Hapana, Madam, naapa! Nilikiacha hapa kwa meza tukienda kupiga simu. Sijafungua tena!"

Roselida alishampita. Chumba kilikuwa kimoja: kitanda, pazia, meza ya mbao. Mezani chupa ya chai na kikombe kimoja cha bati. Alipokikaribia kile kikombe, kipimo kikapiga mayowe.

TIKTIKTIKTIKTIK!

Kwenye kisosi, kama ganda la mdudu, palikuwa na vipande viwili vya ngozi laini nyeupe. Kidonge kilikuwa kimepasuliwa. Na kipimo kiliendelea kupiga ukingoni mwa meza, kwenye kifuniko cha chupa, kwenye kitasa cha mlango, kila mahali palipoguswa na vidole.

"Nani alibaki humu mkienda posta?"

Ndugu wawili wakatazamana.

"Mama," Syombua akanong'ona.

"Mama yenu ako na shida ya shingo?"

"Ako na goita. Kubwa. Tangu mimi nikiwa mdogo. Hata ugali humpita kwa taabu." Syombua alianza kuelewa, na uso wake ukaelewa kabla ya mdomo. "Wakati Kisilu ameingia na mkebe akasema, Syombua, nimekuletea dawa ya shingo. Mama alikuwa ameketi hapo kwa kitanda."

"Sasa hivi ako wapi?"

"Ameenda kliniki ya watoto, hapo kwa ukumbi wa kanisa. Ni Jumanne."

"Na mtoto wako?"

Syombua akaweka mkono mdomoni.

"Amembeba mgongoni."

*

Walikimbia. Katoo mbele, bunduki ikimpiga kiunoni, Syombua akifuata na khanga moja begani, kiatu kimoja kimebaki njiani. Kisilu alikuja nyuma akilia kwa sauti, mtu mzima, na watu wa Kajiado wakasimama milangoni kutazama.

Kipimo kilianza kwenye lango la ukumbi. Tik-tik. Tik-tik.

"Katoo, shika hili lango. Mtu asitoke."

Ndani kulikuwa na akina mama kama ishirini kwenye mabenchi, watoto wengine wananyonya, wengine wanalia, muuguzi mmoja kichwa chini anachoma sindano. Na kwenye kona, kando ya ile mizani ya kuning'inia, aliketi Mama Kisilu.

Alikuwa bibi mnene, mchangamfu, amejifunga leso shingoni kuficha uvimbe wake. Mgongoni alikuwa bado amembeba mjukuu.

Syombua aliruka mabenchi. Alimfungua mtoto pale mgongoni kabla mama yake hajasema neno.

"Wĩĩ! Kunani?" bibi akashangaa. "Amelala vizuri, unamwamshia nini?"

Roselida akamfikia. Kipimo kilikuwa kinalia mfululizo sasa, mlio mmoja mrefu usio na nafasi kati, na akina mama wote wakanyamaza.

"Mama. Kile kidonge cha mezani. Umekimeza wewe?"

"Kidonge cha shingo? Eeh." Bibi alitazama kila uso, akaona hofu, na bado hakuelewa. "Si Kisilu alisema ni ya shingo? Na mimi si niko na shingo? Syombua alikuwa anasema hataki, hataki, tangu aingie nayo. Nikaona itaharibika bure. Ikakataa kupita, shimo langu ni ndogo. Nikaipasua na kucha, nikamwaga ile unga kwa chai. Ile imebaki nikalamba na vidole."

Kidonge kizima. Dozi ya mtu mwenye saratani, ndani ya bibi ambaye hakuwa nayo. Roselida alijua kwamba kabla ya juma kwisha tezi ile kubwa ingeanza kuungua kutoka ndani, na moyo wa bibi ungeanza kwenda mbio. Ni lazima alazwe leo, peke yake, mbali na kila mtu. Lakini kwanza mtoto.

"Mlete hapa. Mfungue nguo zote."

Akapitisha kipimo. Kinywani: tik... tik. Safi! Kifuani: safi. Mgongoni: safi. Kwenye mikono miwili midogo, tiktiktik. Kwenye shavu, tiktiktik. Ilikuwa ni unga ulioshikwa na vidole vya nyanya.

"Maji! Sabuni! Usimwache atie mikono mdomoni, Syombua, shika mikono!"

Muuguzi alileta beseni. Walimwosha mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu mtoto akapiga kelele za hasira, na kipimo kikarudi kwenye ule mlio wake wa uvivu.

Tik... tik.

"Amepona?" Syombua aliuliza.

"Kutoka leo hatabebwa na nyanya yake kwa muda mrefu. Lakini huyu tumemuwahi." Roselida alimrudishia mama mtoto wake. "Tumemuwahi."

Kisilu alikuwa amepiga magoti mlangoni, paji la uso limegusa sakafu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwinua.

Roselida akavuta pumzi. Akarudi nyuma hatua, akamweleza muuguzi kwamba bibi asiguswe, akae palepale hadi gari lije. Akarudi hatua nyingine. Kumi. Kumi na tano. Kadiri alivyokwenda mbali na bibi ndivyo kipimo kilivyopaswa kutulia, na kweli kilianza kutulia.

Kisha kikapanda.

Akageuka. Kando yake, kwenye benchi la mwisho, alikuwa mtoto wa mtu asiyemjua. Mtoto mnono, kofia ya njano, ngumi nzima ameitia kinywani anainyonya kwa raha.

Tiktiktiktik.

Roselida akasogea kwa mtoto wa pili. Tiktiktik.

Wa tatu. Mapaja, kwapani, mahali ambapo mtu humshika mtoto anapomwinua. Tiktiktiktik.

Aligeuka taratibu kuelekea kule kwenye mizani.

"Mama," akasema, na ukumbi wote ukasikia. "Zaidi ya mjukuu wako, umeshika mtoto mwingine hapa leo?"

Mama Kisilu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waingie. Hilo alikuwa na jibu lake.

"Mwingine? Nesi si ako peke yake! Kila Jumanne ni mimi huwatoa nguo, nawaweka kwa mizani, nawarudishia mama zao. Hata wananiita Susu wa Mizani, nyanya wa kupima." Akainua mikono yake miwili, akawaonyesha. "Wote wamepita hapa. Na hawa ni wale wamebaki tu. Wa kwanza walikuwa wengi kuliko hawa, tulianza saa sita na nusu. Wa Isinya wameshaenda. Wa Namanga walipanda gari muda mrefu."

Katoo alikuwa bado amelishika lango kwa mikono yote miwili. Akaliachilia polepole.